Kabla dari ya jirani haijalowa, kagua mistari ya bafu lako

WANAFUNZI wameitumia methali ya ufa na ukuta katika insha zao hadi imechakaa, na walimu nao wamechoka kuisahihisha. Lakini pana mahali pamoja nyumbani ambapo methali hiyo haihitaji kufumbuliwa: bafuni, katika ile mistari myembamba inayopita baina ya kigae na kigae. Hapo ufa ni ufa, na anayejenga ukuta ni wewe, kwa pesa zako.

Tazama yanayotokea katika fleti zetu za mijini. Familia ya orofa ya nne inaoga kila siku bila wasiwasi. Siku moja jirani wa orofa ya tatu anabisha hodi, uso umekunjamana, na kusema kwamba dari yake imepata doa la rangi ya chai na sasa inadondosha maji juu ya kitanda cha watoto. Landilodi anaitwa, fundi wa mabomba anaitwa, ukuta unabomolewa ili kutafuta bomba lililopasuka, na bomba lenyewe linapatikana likiwa zima kabisa. Maji hayakutoka kwenye bomba. Yalikuwa yakipenya sakafuni polepole kupitia mistari ya vigae iliyoliwa, pengine kwa muda wa mwaka mzima. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi sasa wanapishana kwenye ngazi bila salamu.

Kile kinachojaza mistari hiyo mafundi hukiita grauti. Aghalabu ni saruji laini iliyochanganywa na rangi, na nafasi ikiwa pana zaidi ya milimita 3 huongezwa mchanga mwembamba ili isinywee na kupasuka. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji. La hasha! Grauti ya saruji hunywa maji, kama vile tofali linavyokunywa. Kazi yake ni kushika kingo za vigae, kuzuia uchafu na wadudu wasiingie chini, na kuyafanya maji mengi yatiririke hadi kwenye kitundu cha sakafu badala ya kuzama. Kizuizi chenyewe cha maji ni tabaka linalopakwa juu ya zege kabla ya vigae kubandikwa. Fundi mwaminifu hulipaka. Mwenye haraka huliruka, na ukishahamia huwezi kulitambua kwa macho. Mahali tabaka hilo halipo, grauti ndiyo inayobaki kuwa mlinzi wa pekee, tena mlinzi mwenye rungu tu.

Sasa basi, utajuaje kwamba imefika mwisho wake? Wengi huamua kwa rangi. Mistari ikigeuka kuwa ya kahawia au myeusi, mtu huita fundi na kulipa, kumbe alichokuwa nacho ni uchafu wa sabuni. Kinyume chake pia hutokea: mistari ni meupe pepepe kwa sababu mama wa nyumba huisugua kila Jumamosi, ilhali ndani imekuwa unga mtupu. Kwa hivyo safisha kwanza, kisha uamue. Mswaki mzee, sabuni ya unga na maji ya moto vinatosha kwa uchafu wa kawaida. Penye ukungu mweusi, paka Jik iliyozimuliwa kwa maji, ngoja kama dakika 10, suuza vizuri, na dirisha liwe wazi wakati wote huo. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala amonia. Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na katika bafu dogo gesi hiyo inaweza kumdhuru mtu vibaya kabla hajaufikia mlango.

Hapa niseme jambo kuhusu wale wanaonunua asidi katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kuimwaga sakafuni ili vigae ving'ae. Vigae hung'aa, sikatai. Lakini lile povu linalochemka juu ya mistari si uchafu unaotoka. Ni saruji yako inayoyeyuka. Ukifanya hivyo kila mwisho wa mwezi, utaimaliza grauti ambayo ingedumu miaka mingi. Siki na maji ya limau, ambavyo husifiwa sana, hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa mwendo wa kobe.

Bafu likishasafishwa, liache likauke kwa siku nzima ndipo ulikague. Usianze na ukuta ulio mbele ya macho yako, kwa maana huko ndiko grauti hudumu. Piga magoti. Angalia palipo chini ya shawa, kandokando ya kitundu cha maji, nyuma ya choo na pale ukuta unapokutana na sakafu. Katika mabafu yetu mengi shawa na choo viko chumba kimoja na sakafu yote hulowa, kwa hivyo usipuuze hata kona iliyo mbali.

Chukua sarafu ya shilingi 10 au ufunguo, ukwaruze mstari taratibu bila kutumia nguvu. Grauti nzima hubaki na alama ndogo tu. Iliyochoka hutoa unga kama chaki, au hung'oka vipande vipande. Ikifanya hivyo katika sehemu moja ndogo, sehemu hiyo inaweza kurekebishwa peke yake. Ikifanya hivyo kila unapogusa, hakuna cha kurekebisha. Ni kukwangua yote. Kisha pitisha ukucha juu ya mistari. Ni kawaida grauti kuwa chini kidogo ya uso wa kigae, lakini ukucha ukizama na kugusa ubavu wa kigae, au ukiona nyufa nyembamba kama unywele zinazofuata ukingo wake, ujue maji yameshapata njia. Wakati mwingine sisimizi ndio huleta habari kwanza: ukiwaona wakitoka kwenye mstari wakiwa wamebeba punje za mchanga, chini kuna uwazi.

Dalili nyingine huhitaji siku mbili tatu za kutazama. Baada ya kuoga, mistari yote huwa na rangi nzito kwa sababu imelowa, na bafu likipata hewa hurudia rangi yake baada ya saa kadhaa. Mahali panapobaki peusi na baridi hadi kesho yake, maji yamekaa chini. Bila shaka katika nyumba ya watu sita wenye bafu moja hapakauki kamwe, kwa hivyo fanya jaribio hili familia ikiwa imesafiri kwenda mashambani. Vivyo hivyo, ukungu unaorejea palepale siku chache tu baada ya kusuguliwa huwa unalishwa na unyevu kutoka chini. Huo si wa kuvumiliwa penye watoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilieleza kwamba hali hiyo inahusiana na kukohoa, kupumua kwa shida na kuzidi kwa pumu.

Kuna pia ule unga mweupe wa chumvi unaojitokeza kwenye mistari. Unaonyesha kwamba maji yanapita ndani ya saruji na kubeba chumvi hadi juu, ambako hukauka na kuiacha. Wakazi wa Mombasa wanaooga maji ya kisima wawe waangalifu hapa. Maji ya huko hutoka katika mawe ya matumbawe na huacha utando mweupe kila yanapokauka, hata juu ya kigae chenyewe na kwenye mfereji. Utando huo hausemi lolote kuhusu grauti. Unga unaotoka kwenye mistari tu, na kurudi baada ya kupanguswa, ndio wa kukutia shaka.

Mwisho, bisha vigae kwa mpini wa mwiko. Kilichoshikana na sakafu hutoa mlio mzito, ilhali kilichoachana nayo hulia kama debe tupu. Kigae kimoja kinacholia hivyo huenda kilibandikwa vibaya tangu siku ya kwanza. Vikiwa kadhaa karibu na shawa, na mistari yake inatoa unga, kubadilisha grauti peke yake ni kumpaka poda mgonjwa. Vigae hivyo ving'olewe, sakafu ikauke, tabaka la kuzuia maji lipakwe, ndipo virudishwe.

Msomaji anayeishi juu ya watu atauliza: na kama jirani ameshalalamika? Kabla ya kubomoa ukuta, soma mita ya maji usiku watu wakienda kulala, mifereji yote ikiwa imefungwa na tangi la choo limejaa, kisha uisome tena alfajiri. Ikiwa imesonga, kuna mahali maji yanavuja katika mabomba ya nyumba yako au kwenye choo. Ikiwa imetulia, ogeni kwa beseni mahali pengine kwa siku tatu nne, bafu libaki kavu. Doa la jirani likianza kukauka, kosa liko bafuni. Bado hujui kama ni sakafu au ni kitundu cha maji, kwa hivyo mimina ndoo moja polepole moja kwa moja kitunduni bila kulowesha vigae. Maji yakidondoka chini, kitundu ndicho kibovu. Yasipodondoka, ila yanadondoka sakafu inapoloweshwa, mistari ndiyo ya kushukiwa kwanza. Majaribio haya hayagharimu hata senti, na yamemshinda fundi mwenye nyundo mara nyingi. Wala yasiahirishwe, kwa kuwa ndani ya zege mna vyuma. Maji yakivifikia hushika kutu na kuvimba, na zege huanza kumeguka kutoka chini.

Pembe zina sheria yake. Pale kuta mbili zinapokutana, au ukuta na sakafu, jengo husogea kidogo sana kwa joto na uzito, na grauti ya saruji haijui kujinyoosha. Ndiyo maana hupasuka hapo kila mwaka hata ikijazwa na fundi hodari. Pembe hizo zahitaji silikoni ya bafuni, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Lakini ukiona ufa mmoja unakata vigae vyenyewe na kuendelea ukutani, hilo si jambo la grauti. Katika sehemu za Nairobi zenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kama vile Embakasi, huenda ni msingi wa nyumba unaolalamika. Mwite mtu anayejua majengo.

Fundi akija, kaa naye. Ujanja ulioenea ni kupaka grauti mpya juu ya ile ya zamani. Hupendeza macho kwa mwezi mmoja, kisha hubanduka kama magamba. Ya zamani yapasa kukwanguliwa angalau thuluthi mbili ya unene wa kigae, yaani kama milimita 6 kwa kigae cha milimita 9. Akitumia grainda, afunike mdomo na pua, na watoto watoke nje, maana vumbi hilo ni baya kwa mapafu. Akija na simiti nyeupe tupu, mrudishe dukani. Hiyo hunywea na kupasuka upesi kuliko grauti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Iko pia grauti ya epoksi, ambayo hainywi maji. Bei yake ni ya juu na humsumbua fundi asiyeizoea, lakini kwa bafu lililo juu ya kitanda cha mtu mwingine naona inastahili.

Kazi ikiisha, grauti ya saruji isiguswe na maji kwa saa 24, na afadhali siku tatu zipite kabla ya kuoga kama kawaida. Ikikauka kabisa ipakwe dawa ya kuziba vitundu vyake. Utajua dawa hiyo imeisha ukidondosha matone ya maji juu ya mstari na kuyaona yakinywewa papo hapo. Hapo inahitaji kupakwa tena tu, wala fundi asikushawishi kwamba ni lazima aikwangue.

Na nani atalipa? Soma mkataba wako. Kwa maoni yangu, grauti iliyochakaa kwa umri ni mzigo wa mwenye nyumba, na iliyoliwa na asidi ni mzigo wa aliyeimwaga. Ubaya ni kwamba siku ya kuhama hakuna anayekumbuka ilivyokuwa, na pesa za dipositi ndizo hukatwa. Wanafunzi wanaokodi nyumba pamoja karibu na vyuo huumia zaidi, kwa kuwa huingia na kutoka kila muhula na wa mwisho kuondoka hubebeshwa lawama za wote. Kwa hivyo siku unapoonyeshwa nyumba, kabla ya kutoa dipositi, ingia bafuni na sarafu yako. Palipotoa unga piga picha kwa simu, andika orodha yenye tarehe, umwombe ajenti aitie sahihi, na nakala moja ubaki nayo wewe.