Mgongo na Mguu Vikiuma: Kuvuta au Kuelea? (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale ambapo diski ya kiunoni, ile gegedu iliyo kati ya pingili na pingili, inapochomoza na kugusa mzizi wa neva, maumivu yakateremka makalioni, yakapita nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo. Leo tuzungumzie tiba ambayo wagonjwa wengi huiwaza kabla hata daktari hajaitaja: kuuvuta mgongo ili pingili ziachane na neva ipate nafasi.

Wazo hili ni la kale sana. Maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki yanaeleza benchi la mbao ambalo mgonjwa alilazwa kifudifudi, akafungwa kanda kifuani na kiunoni, kisha akavutwa juu na chini kwa wakati mmoja, huku tabibu akikandamiza kibyongo kwa mikono au hata kukikalia. Maandishi hayo hayo yanataja ngazi: mgonjwa alifungwa juu yake, ikainuliwa kwa kamba, halafu ikaachiwa ishuke kwa kishindo. Mwandishi anawabeza matabibu walioipenda ngazi hiyo kwa sababu iliwakusanyia watazamaji. Ukitazama baadhi ya matangazo ya mashine za mgongo siku hizi, utaona ngazi ile bado ipo, ila sasa ina skrini.

Kuvuta kunalenga kuupunguzia mgongo mzigo. Je, mzigo huo unapimika? Katika miaka ya 1960, daktari Alf Nachemson wa Sweden aliingiza sindano ya kupimia mkandamizo ndani ya diski za watu walio hai. Alikuta kwamba kulala chali kunapunguza sana mkandamizo, kusimama kunauongeza, na kukaa kunauzidisha. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walirudia kazi hiyo kwa mtu mmoja aliyejitolea. Alipolala, mkandamizo ulikuwa takriban moja ya tano ya ule wa kusimama. Alipoinama na kunyanyua kreti la kilo 20, ulipanda zaidi ya mara nne. Lakini alipokaa kwa kujilegeza, haukuzidi ule wa kusimama. Kwa hiyo wanaohubiri kwamba kiti ndicho adui mkubwa wa mgongo wanasema zaidi ya kinachojulikana.

Mgongo huvutwa nchi kavu au ndani ya maji. Tuanze na nchi kavu. Hospitalini, kuvuta hufanyika kitandani: mkanda mmoja kifuani, mwingine nyongani, na mashine au uzito unavuta. Nguvu ikiwa ndogo huishia kwenye msuguano wa mwili na godoro, ndiyo maana vitanda vingine hugawanywa kiunoni ili nusu ya chini iteleze. Ufundi wenyewe ni mzuri, matokeo yake ndiyo haba. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yalikusanya majaribio 32 yenye wagonjwa zaidi ya 2,700, na hayakuona tofauti ya maana kati ya waliovutwa na wasiovutwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya mgongo ukasema tiba hii isitolewe, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo, nalo halikuipendekeza, kama lisivyopendekeza mikanda ya kiunoni. Nami sioni ajabu. Mgonjwa akifunguliwa na kusimama, uzito wote unarudi pale pale.

Majini mambo ni tofauti kidogo. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani, karibu theluthi. Yakifika shingoni, sehemu moja tu ya kumi. Huko Hévíz, Hungaria, penye ziwa la maji ya moto, daktari Károly Moll alianzisha mwaka 1953 tiba ya kumning'iniza mgonjwa ndani ya maji. Mgonjwa hushikiliwa shingoni kwa kishikizo, miguu haigusi chini, na vyuma vya kilo chache hufungwa kiunoni au kwenye vifundo vya miguu. Joto la maji hulegeza misuli, uzito huvuta polepole. Tiba hii bado inatumika huko, ingawa majaribio yake yamehusisha wagonjwa wachache.

Ningeulizwa nichague, ningechagua maji, wala si kwa sababu ya vile vyuma. Ndani ya maji ya kifuani, mtu aliyeshindwa kutembea hatua kumi barabarani anaweza kutembea, kupinda magoti na kugeuka, na kutembea huko ndiko kunakomfaa. Kishikizo cha shingo kiachieni wataalamu. Asiyejua kuogelea asiingie peke yake, na mwenye kifafa, kidonda wazi au moyo dhaifu amuulize daktari kwanza.

Asiye na bwawa ana sakafu. Tandika mkeka, lala chali, weka miguu juu ya kiti ili nyonga na magoti vikunjike kama pembe ya meza. Pumua taratibu kwa dakika 10, kisha geukia ubavu na ujiinue kwa mkono. Maumivu yakihama kutoka mguuni kurudi kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno bado kinauma. Yakizidi kushuka mguuni, acha. Nafuu ukiipata, itumie kutembea, usiitumie kulala tena. Vifaa vya kujining'iniza kichwa chini viepukwe na wenye shinikizo la damu au presha ya macho.

Wengi wenye diski iliyochomoza hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila kupasuliwa. Lakini homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu ya mgongo vyaweza kuwa kifua kikuu cha pingili, na hicho hakitibiwi kwa kuvutwa wala kuelea. Na ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au choo kikatoka bila wewe kujua, au mguu ukilegea ghafla, usingoje asubuhi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.