Je, Wajua? Mchezaji wa Akiba wa Dola 100

Je, wajua kwamba timu pekee iliyomaliza msimu wa NFL bila kushindwa wala kutoka sare, hadi kutwaa ubingwa, iliongozwa kwenye mechi nyingi na mchezaji wa akiba?

Ni Miami Dolphins ya 1972. Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua amrushie nani. Oktoba mwaka huo, kwenye mechi ya tano, kwotabeki wa Miami, Bob Griese, aliangushwa na walinzi wa San Diego, akavunjika mguu. Akaingia Earl Morrall, mzee wa miaka 38.

Kocha Don Shula alimfahamu vizuri. Mwaka 1968, wote wawili wakiwa timu ya Baltimore, kwotabeki wao Johnny Unitas aliumia kiwiko. Morrall akashika nafasi yake na kuibuka mchezaji bora wa ligi nzima. Pamoja na sifa hiyo, Baltimore walipomwacha mwaka 1972, Shula alimchukua kwa ada ya dola 100 tu!

Morrall alishinda mechi zote tisa zilizobaki za msimu wa kawaida, kisha ya kwanza ya mtoano. Katika nusu fainali dhidi ya Pittsburgh, Shula alimtoa kipindi cha pili na kumrudisha Griese aliyekuwa amepona. Uamuzi mchungu kwa mtu ambaye hajapoteza hata mechi moja. Griese ndiye aliyeanza fainali, Miami wakaifunga Washington 14-7 na kufikisha ushindi 17.

Morrall aliendelea kucheza hadi 1976: misimu 21, timu sita.