Saa za Kula na Uzito wa Mwili Dzaleka

Uzito wa mwili hupungua pale chakula anachokula mtu kinapompa nguvu chache kuliko anazotumia, na mwili ukalazimika kuchoma mafuta uliyojiwekea akiba. Ugumu ni kuishi hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa maana wengi wanaojikondesha kwa njaa hurudi walipoanzia. Mafuta yanapopungua, homoni ya leptini inayouambia ubongo kwamba akiba ipo hushuka pia, hamu ya chakula hupanda, na mwili huanza kutumia nguvu kwa ubahili. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapa vijana wa kiume 36 chakula cha karibu nusu ya kile walichozoea kwa muda wa miezi 6. Walipoteza kama robo ya uzito wao, wakawa wanawaza chakula kutwa kucha. Walipofunguliwa, wengi wao walikula mno na bado wakahisi njaa, na mafuta mwilini yakarudi kwa kasi zaidi kuliko misuli.

Jaribio hilo linaeleza mengi kuhusu Dzaleka. Kambi hiyo ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa jela wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, iko wilayani Dowa nchini Malawi, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kidogo. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Msaada wa chakula umekuwa ukipunguzwa, na mara nyingi hautoshi mwezi. Ukifika, nyumba hula na kushiba. Siku za mwisho wa mwezi, chungu hupandishwa mekoni mara moja tu, jioni. Mtu aliyeshinda njaa hujaza tumbo usiku kwa kile kinachoshibisha kwa bei ndogo: ugali mwingi, mandazi, chai yenye sukari. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyedumaa na mama mwenye shinikizo la damu na uzito uliozidi wanaweza kuwa wa nyumba moja. Kumwita mama huyo mlafi ni kumwonea. Katika Malawi nzima, uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 21 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi, na mijini kiwango ni kikubwa zaidi kuliko vijijini.

Hatua ya kwanza ya kupunguza uzito, basi, ni kuusawazisha ulaji kabla ya kuupunguza. Tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, inayoleta njaa, na homoni hiyo huzoea saa: anayekula kila siku saa saba mchana huanza kusikia njaa saa saba inapokaribia, na akishakula hutulia. Anayekula ovyo huwindwa na njaa wakati wowote. Saa zenyewe hazina uchawi, na nyumba yenye uwezo wa milo miwili tu inaweza kuiweka saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, mradi isibadilike leo na kesho. Fedha za chakula za mwezi nazo zikigawanywa kwa wiki siku ile ile zinapopokelewa, unga ukapimwa kwa kopo, wiki ya nne haiwi ya kufunga bila kutaka. Kwa familia nyingi, kopo hilo la unga lina faida zaidi kuliko orodha yoyote ya vyakula vilivyokatazwa.

Baada ya saa huja sahani. Nchini Malawi ugali, uitwao nsima, hupakuliwa kwa upawa uliolowanishwa maji, tonge moja bapa juu ya jingine, na kwa hiyo matonge huhesabika. Aliyezoea matonge manne anaweza kubaki na matatu, na nafasi ya la nne ikachukuliwa na lengalenga, majani ya maboga au kabichi. Kula wengi katika sinia moja hufanya hesabu hiyo kuwa ngumu, kwa sababu mkono wa haraka ndio unaoshiba. Ni vyema mwenye kupunguza uzito apakuliwe peke yake, bila kuondoka mezani kwa wenzake. Unga wa mgaiwa, ambao Tanzania huitwa dona, husagwa pamoja na pumba zake, hivyo hukaa tumboni muda mrefu kuliko unga mweupe uliokobolewa. Maharage, soya na dagaa wa usipa huongeza protini, nayo huchelewesha njaa. Kula taratibu pia kunasaidia, kwani ishara ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo.

Mahali panapopoteza watu wengi bila wao kujua ni chupa ya mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, yakiwemo mawese ya kuungia sombe, yaani kisamvu, kina kalori 120 hivi. Mpishi anayemimina kwa jicho huongeza vijiko vinne katika chungu cha watu wanne bila kuona tofauti, na hapo kila mlaji amepata kijiko kimoja cha ziada. Kwa chungu kimoja kila siku, kwa mwezi ni kalori 3,600, ambazo kwa hesabu ni karibu nusu kilo ya mafuta mwilini. Kupima kwa kijiko badala ya chupa hakubadilishi ladha ya sombe, na mafuta hudumu zaidi. Sukari ina hesabu kama hiyo: chupa ya soda ya mililita 300 ina vijiko vidogo 7 au 8, na mnywaji wa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja humaliza vijiko 9 kabla hajagusa chakula. Ni rahisi kushuka kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi huzoea.

Anayetoka alfajiri kwenda Lilongwe ana mtihani wake. Stendi ya minibasi imejaa mandazi, na kando ya barabara viazi hukaangwa kwenye bati pana, vikakatiwa kabichi mbichi juu na kunyunyiziwa chumvi. Kiazi kitamu kilichochemshwa na konzi ya karanga, vikifungwa tangu usiku, humvusha mtu hadi mchana kwa gharama ndogo. Konzi iwe moja, maana karanga nazo zina mafuta mengi.

Kasi inayofaa ya kupungua ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, shinikizo la damu na sukari huanza kuonyesha nafuu. Kukonda polepole kuna faida nyingine pia, hasa mahali ambapo mtu akikonda ghafla majirani humnong'ona kuwa mgonjwa. Lakini anayekonda bila kukusudia anahitaji kwenda zahanati haraka, kwani huenda ni kifua kikuu au kisukari. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasipunguze chakula bila ushauri wa mhudumu wa afya, na mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa ya glibenclamide asiruke mlo, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka hata akazimia.

Pasipo mizani, uzi unatosha. Uzi hukatwa urefu sawa na wa mtu kuanzia kisigino hadi utosini, hukunjwa katikati, kisha huzungushwa kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikishindwa kukutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Kipimo hicho hurudiwa mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula.