Oksijeni Pekee Haimpofushi Mtoto Njiti

Mishipa ya damu ya retina huanza kukua tumboni karibu na wiki ya 16 ya mimba, na hufika kwenye kingo zake karibu na wiki ya 40. Kwa mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 au na uzito usiofika kilo moja na nusu, kazi hiyo hukatika njiani. Baadaye retina iliyokosa hewa huchochea mishipa mipya dhaifu, inayoweza kuivuta hadi ibanduke na mtoto apofuke. Lawama hutupiwa mtungi wa oksijeni, na si bure: mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne aliihusisha oksijeni nyingi na upofu huo. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kuwa njiti waliowekewa kiwango cha asilimia 85 hadi 89 cha oksijeni katika damu walipata ugonjwa huo mkali wa macho kwa uchache zaidi, lakini walikufa wengi zaidi kuliko wale wa asilimia 91 hadi 95. Kumnyima mtoto hewa, basi, si kinga. Hatari ni hewa isiyopimwa, tena ikiambatana na maambukizi, kuongezewa damu na uzito unaopanda polepole.

Itasemwa kuwa wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, haina haja ya hofu hii, kwa kuwa njiti wadogo mno hawaponi. Hoja hiyo inazeeka. Kadiri huduma ya kangaruu (mtoto kubebwa ngozi kwa ngozi kifuani), maziwa ya mama na mashine za kusaidia kupumua zinavyowaokoa, ndivyo wanaohitaji kupimwa macho wanavyoongezeka. Wengine watasema daktari bingwa wa macho yuko mbali. Kweli, hospitali ya KCMC ya Moshi iko yapata kilomita 100 kutoka Same mjini, na mama wa Chome ana milima ya kushuka kwanza. Lakini kipimo cha oksijeni mkononi au mguuni, mikono safi na mzani havimsubiri bingwa. Kinachomsubiri ni uchunguzi wa retina, takriban wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kwa sababu jicho linaloharibika ndani huonekana zima kwa nje, na ugonjwa ukishakuwa mkali, tiba ya leza hutakiwa ndani ya siku chache. Umbali, kwa hiyo, ndiyo sababu ya kupanga tarehe na nauli kabla mama hajaruhusiwa kurudi mlimani.