Chenga na Mistari Kwenye Skrini: Pima Kabla ya Kulipa
Kutoka Vuga kwenda Lushoto mjini kumwona fundi ni nauli, hivyo tunashauri upimaji uanzie nyumbani. Unganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI. Televisheni ikiwa safi, yaelekea hitilafu iko kwenye skrini au waya wake. Chenga zikionekana huko pia, shuku kadi ya grafiki, feni iliyoziba vumbi, au programu inayoiendesha kadi. Lakini zikianza tangu nembo ya kiwanda, kabla Windows haijafunguka, si rahisi programu ikawa chanzo.

Katika kompyuta mpakato nyingi kadi hiyo imechomelewa kwenye bodi kuu. Fundi anayedai kuichomoa na kupachika nyingine aombwe akuonyeshe. Nakili mafaili yako kabla ya kumkabidhi, kisha dai risiti na kipuri cha zamani.