Hundi Iliyorudi kwa Upungufu wa Elfu Nne

Katika miaka yangu ya kazi ya ukarani wa benki, Mombasa, mteja ambaye sijamsahau ni mama mmoja aliyekuwa akiuzia shule ya binafsi mahindi na maharagwe. Alilipwa kwa hundi ya shilingi 180,000, akaiweka kwenye akaunti yake, na hundi ikarudi. Shule ilikuwa na akaunti katika tawi letu hilohilo, kwa hiyo salio nililiona kwenye kompyuta: pesa zilizokosekana zilikuwa karibu elfu nne tu. Sikuruhusiwa kumwambia, maana siri ya akaunti ni ya mwenyewe. "Kwani humo hamna kitu kabisa, mwanangu?" aliniuliza. "Nipeni basi zilizopo, nyingine nitawadai."

Aliomba jambo la busara, lakini benki zetu haziwezi. Hundi ni amri ya mwenye akaunti kwa benki yake: mlipe fulani kiasi hiki. Benki haina idhini ya kulipa kiasi kingine, hata kikiwa kidogo zaidi. Hivyo pesa zikipungua, iwe kwa shilingi laki moja au kwa mia moja, hundi hurudi nzima. Ufaransa mambo ni tofauti. Huko sheria inampa mwenye hundi haki ya kudai kiasi kilichopo. Sisi tuliurithi utaratibu wa Kiingereza, na ninaamini katika hili Wafaransa wametushinda kwa uungwana.

Ukiweka hundi ya benki nyingine, karatasi yenyewe haisafiri tena. Tangu 2011 hundi za Kenya hupigwa picha, na picha hiyo pamoja na nambari zilizo chini ya hundi hupitia kituo cha kubadilishana hundi hadi benki ya aliyeiandika. Huko hukaguliwa tarehe, sahihi, kama maneno yanalingana na tarakimu, kama mwenyewe ameizuia, na mwisho kama pesa zipo. Zisipokuwepo, inarudishwa na sababu yake. Ndiyo maana kwa muda mfupi pesa huonekana kwenye akaunti yako lakini hazitoki. Usimpe mtu mzigo kwa kuwa umeziona kwenye simu yako.

Pesa zikipungua, benki inaweza pia kuamua kuilipa hundi na kuiacha akaunti idaiwe. Wateja wakubwa huwa na makubaliano ya namna hiyo, na wengine hupigiwa simu asubuhi waambiwe walete pesa upesi. Lakini pasipo makubaliano, benki hailazimiki, na mfanyabiashara mdogo mara nyingi hapigiwi hiyo simu. Hilo lilikuwa likinikera nikiwa kazini, na linanikera hadi leo.

Kinyume chake pia kipo. Benki ikirudisha hundi ilhali pesa zilikuwepo, kosa ni lake. Mwaka 1830, katika kesi ya Marzetti dhidi ya Williams, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba benki iliyokataa hundi ya mteja mwenye pesa za kutosha imevunja mkataba, hata kama mteja hakuweza kuonyesha hasara yoyote. Fidia ilikuwa ya jina tu, lakini kanuni iliyotokana na kesi hiyo ingali inatumika.

Hundi ikirudi, aliyeiandika hutozwa faini na benki yake, na benki nyingi humtoza pia aliyeipeleka, jambo ambalo mama wa maharagwe alilipokea kwa uchungu mkubwa kuliko hundi yenyewe. Jina la aliyeiandika linaweza kufikishwa CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na hapo atakapoomba mkopo atakuta habari zake zimemtangulia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila muuzaji alijue. Kifungu cha 316A cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinasema ni kosa kuandika hundi ukijua, au ukipaswa kujua, kwamba akaunti haina pesa za kutosha. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho kinaiacha nje hundi ya tarehe ya mbele katika suala hili la upungufu wa pesa. Mtu akikuandikia leo hundi ya mwisho wa mwezi ujao, nawe ukampa magunia, umemkopesha. Wajanja wanalijua hilo vizuri sana. Nimeona watu wakienda polisi na hundi kama hiyo mkononi wakiwa na hakika kwamba wameshika ushahidi wa jinai, wakaambiwa hilo ni deni. Na ni deni kweli.

Deni halimaanishi kwamba umepoteza. Hundi iliyorudi kwa kukosa pesa yaweza kupelekwa tena, iwapo aliyeiandika anakuhakikishia kwamba ameziweka. Asipoeleweka, mpe taarifa kwa maandishi bila kukawia, kisha nenda mahakama ya madai madogo. Mahakama hizi zilianza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa kuwa tangu 2009 hundi inayozidi milioni moja haipitishwi baina ya benki zetu, karibu kila hundi inayokurudia inaingia katika kiwango hicho. Nenda na karatasi ya benki inayotaja sababu, nakala ya hundi, na karatasi ya mzigo yenye sahihi ya aliyeupokea. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huikosa, kwa sababu walipoiona hundi walidhani hakuna haja tena ya kuandikishana.