Mali Bila Daftari: Namna ya Kuchunguza Dhahabu ya Salamabila

Kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo, katika wilaya za Kasongo na Kabambare, usalama na dhahabu husimuliwa kama habari mbili. Leo tunasikia kwamba wanamgambo wa Mai-Mai wameshambulia upande wa Salamabila; kesho tunasikia habari za kampuni, leseni na ahadi za barabara. Kwangu mimi hiyo ni habari moja. Mwenye bunduki anakula kwenye kinachochimbwa, na afisa anayefumba macho anakula papo hapo. Mwandishi anayetaka kueleza kwa nini watu wa Kabambare wanalala porini hana budi ajifunze kusoma hesabu za dhahabu.

Tuanze na Namoya, mgodi ulio karibu na Salamabila. Baada ya kuvunjika kwa SOMINKI, shirika la zamani la madini la Kivu na Maniema, haki za Namoya zilikuja kuwa za Banro, kampuni ya Kanada, iliyoanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Wachimbaji wadogo walikuwa wamezoea kuchimba milima hiyo hiyo, na wenyeji walikuwa wakidai ajira, shule na barabara walizoahidiwa. Katika mgogoro huo ndipo Mai-Mai Malaika, kundi lililokuwa likiongozwa na Sheikh Hassani, lilipojijengea jina kama mtetezi wa wenyeji. Machi 2017 wafanyakazi wa mgodi walitekwa, wakiwemo Mfaransa na Mtanzania. Julai 2019 wengine wakatekwa. Septemba mwaka huo Banro ikasimamisha kazi.

Lakini waliojiita watetezi hawakuwaacha salama waliodai kuwatetea. Madaktari wa Médecins Sans Frontières waliofanya kazi Salamabila walitibu mamia ya wanawake waliobakwa. Mtu akiniambia kwamba hesabu za madini ni mambo ya wasomi wa Kinshasa, namkumbusha wanawake hao. Fedha zisizoandikwa popote ndizo zinazonunua risasi.

Sasa tuifuate dhahabu yenyewe. Inatoka shimoni, ambako mwenye shimo huitwa PDG na wachimbaji hulipwa kwa mgawo wa mawe. Mawe hutwangwa, mara nyingi na wanawake, kisha huoshwa. Punje zinazopatikana hununuliwa na wafanyabiashara wadogo wa pale machimboni, nao huwauzia wakubwa zaidi, hasa wa Bukavu. Kutoka hapo nyingi huvuka mpaka kwa siri kwenda nchi jirani, kisha Dubai. Bei ya dunia ilipovuka dola 3,000 kwa aunsi mwezi Machi 2025, kilo moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 96,000. Kilo hiyo inaingia katika mfuko wa koti. Ndiyo maana kuifuata dhahabu kwa macho ni kazi bure, na ndiyo maana uchunguzi wa kweli hufuata karatasi.

Karatasi zipo, kwa sababu sheria inazidai. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inamtaka kila mchimbaji mdogo awe na kadi na awe mwanachama wa ushirika. Inawakataza wanajeshi, polisi, mahakimu na watumishi wa serikali kufanya biashara ya madini. Kampuni yenye leseni inalipa mrabaha wa asilimia 3.5 kwa dhahabu, na mrabaha huo hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au utawala wa chifu mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, asilimia 0.3 ya mauzo ni ya maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi.

Tuhesabu pamoja. Kampuni ikiuza dhahabu ya dola milioni 1, mrabaha ni dola 35,000. Jimbo la Maniema linastahili dola 8,750. Sekta yenye mgodi inastahili 5,250. Jamii inastahili 3,000 nyingine kwa miradi yake. Mkazi wa Kabambare akiijua hesabu hii, halazimiki tena kulalamika kwa jumla kwamba viongozi wanakula. Anaweza kuuliza: mwaka fulani mauzo yalikuwa kiasi gani, fungu letu liliingia akaunti ipi, nani alitia sahihi, na limejenga nini? Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa kuliko tuhuma yoyote.

Kulinganisha daftari mbili ni mbinu ya zamani, na Kongo ina nafasi ya heshima katika historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Kasongo ilipokuwa imeshatekwa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu 1893, karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alipitia hesabu za mizigo ya bandari ya Antwerp. Kutoka Kongo zilifika meli zilizojaa mpira na pembe za ndovu. Kwenda Kongo zilirudi na bunduki na risasi, na bidhaa za biashara kidogo mno. Morel akatambua kwamba mali isiyolipiwa hupatikana kwa nguvu tu. Kutokana na ugunduzi huo ikazaliwa kampeni iliyochangia kumnyang'anya Leopold nchi hii mwaka 1908.

Waandishi wa leo wanafanya vilevile. Mwaka 2019 shirika la Reuters lililinganisha takwimu za forodha na kuonyesha kwamba mwaka 2016 Falme za Kiarabu zilipokea dhahabu ya Afrika yenye thamani ya dola bilioni 15.1, na nyingi yake haikuwemo katika vitabu vya nchi ilikotoka. Mwaka 2018 taasisi ya The Sentry ilichapisha uchunguzi kuhusu kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe, Uganda. Machi 2022 Marekani ikamwekea vikwazo Mbelgiji Alain Goetz, mwanzilishi wa kiwanda hicho, pamoja na kiwanda chenyewe, ikisema zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu ya Kongo husafirishwa kimagendo kwenda nchi jirani. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu, lakini karatasi zilifika mahali ambapo malalamiko hayakuwahi kufika.

Tuhuma peke yake haitoshi. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo hujiwekea kanuni ya kutoandika jambo ambalo hawakulishuhudia au kuliona kwenye nyaraka mpaka vyanzo visivyopungua vitatu, huru na vya kuaminika, vilithibitishe. Kanuni hiyo inatufaa sana sisi wa vijijini, ambako mfanyabiashara anaweza kumchongea mshindani wake kwa mwandishi, na kabila moja likalisingizia jingine. Kauli ya mchimbaji aliyetozwa pesa kwenye kizuizi cha barabarani ni mwanzo tu. Itafutwe risiti yake, kama ipo. Aulizwe dereva aliyepita siku ile ile. Ofisi ya madini na jeshi wapewe nafasi ya kujibu kabla ya habari kutoka. Uchunguzi wa haraka humwokoa mwizi, kwa maana kosa moja dogo humpa sababu ya kuyakana yote.

Kazi hii ina hatari, na lazima tuiseme waziwazi. Wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai Machi 2017 wakiwa kazini. Gradi Koko na Navy Malela, wafanyakazi wa benki waliofichua miamala ya kutiliwa shaka, walihukumiwa kifo Kinshasa bila wao kuwepo mahakamani. Mwandishi Stanis Bujakera alifungwa miezi sita, kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024, kwa sababu ya makala iliyogusa idara ya upelelezi wa jeshi. Ikiwa hayo yaliwapata watu wenye majina na mawakili, mtangazaji wa redio ya jamii, anayejulikana nyumbani kwake na kila mtu, anahitaji ulinzi zaidi. Asichunguze peke yake. Nakala za nyaraka zitunzwe mbali na kijiji, na habari nzito itangazwe kwa pamoja na vyombo vya Kindu au Kinshasa.

Serikali ina haki ya kuficha mahali askari walipo na mipango yao ya vita. Haina haki ya kuficha risiti. Kiasi cha mrabaha, orodha ya vyama vya ushirika, jina la aliyeruhusu kizuizi barabarani: hakuna hata kimoja kinachompa adui faida. Afisa anayejibu swali la fedha kwa neno usalama anajilinda yeye mwenyewe.

Maniema haijawekwa chini ya utawala wa kijeshi kama Ituri na Kivu Kaskazini. Gavana ni raia, na bunge la jimbo pale Kindu lina mamlaka ya kumhoji. Kwa upande mwingine, tangu waasi wa M23 waiteke Bukavu Februari 2025, ukaguzi wa Kinshasa hauufikii tena mji huo ambao dhahabu yetu imezoea kupitia. Kwa hiyo hesabu inapaswa kufanyika mapema zaidi, huku kwetu, kabla mzigo haujaondoka. Wabunge wa Kasongo na Kabambare wadai mapato ya madini ya kila sekta yabandikwe mlangoni mwa ofisi ya sekta kila mwaka, na redio zetu ziyasome hewani, tarakimu kwa tarakimu.